To the Bone na abdo za usiku: kitu filamu iliona lakini haikutibu

Filamu To the Bone si mpya. Ilionyeshwa mara ya kwanza Marekani, kwenye tamasha la Sundance, mwezi wa kwanza 2017, na tarehe 14 mwezi wa saba mwaka ule ule Netflix ikaiweka mbele ya dunia nzima. Lakini hapa Kolwezi filamu haizeeki haraka. Inapita kwa simu, inapita kwa kle, mtu anamupatia mwenzake, na siku moja unakuta grupu nzima ya wanafunzi inaizungumzia kama imetoka jana.

Nimesoma maoni ya wandugu wengi. Wengine wanasema ni filamu ya kulia tu. Wengine wanasema ni ugonjwa wa wazungu wenye kushiba, sisi haituhusu. Mimi ninasema mambo mawili: ni filamu yenye macho makali, na ni filamu yenye mikono mifupi. Iliona kitu watu wengi hawakioni, yaani mwili wenye njaa ambao unakataa kupumzika. Alafu ikakiacha pale pale. Na kile iliacha, njo kile sisi wa Lualaba tunahitaji kuelewa zaidi, juu huku kwetu mtu wa vile hatumwiti mgonjwa. Tunamupigia makofi.

Filamu yenyewe

Kwa wale hawajaiona: Marti Noxon aliiandika na kuiongoza, akichota katika maisha yake mwenyewe, juu alipita katika ugonjwa huo. Lily Collins, anayecheza Ellen, naye aliwahi kuugua. Ellen ana miaka 20, ana anoreksia: anajinyima chakula mpaka mifupa inaonekana, na bado anaogopa kunenepa. Ameshapita kwenye vituo vya matibabu bila kupona. Mama yake wa kambo anamupeleka kwa daktari Beckham, anayechezwa na Keanu Reeves. Daktari anamuweka kwenye nyumba moja pamoja na vijana wengine wagonjwa. Humo kuna Luke, mcheza dansi kutoka Uingereza, mwenye goti lililoumia.

Kuna picha moja ambayo kwangu ndiyo moyo wa filamu. Daktari anamupima Ellen, na kwenye mgongo wake kuna michubuko, kufuata uti wa mgongo. Michubuko ile haikutoka kwa kupigwa. Imetoka kwa abdo, yale mazoezi ya kulala chali na kuinuka, kulala na kuinuka. Msichana hana nyama mgongoni, mifupa inasugua chini, na yeye anaendelea kuhesabu.

Hapo ninampongeza Noxon bila masharti. Filamu nyingi juu ya ugonjwa huu zinaonyesha sahani tu: msichana anakata nyanya vipande ishirini, anasukuma chakula pembeni, basi. Yeye alionyesha kwamba ugonjwa unakaa pia katika miguu na mgongo. Watu wengi wenye anoreksia au bulimia hawatosheki na kukataa kula: wanakimbia, wanapanda ngazi, wanakataa kukaa chini, wanafanya abdo usiku wakati wengine wamelala. Si juu wanapenda spoti. Ni juu wakiacha, wanashikwa na hofu na hatia kama mtu aliyefanya dhambi.

Alipomweka Luke ndani ya nyumba ile, Noxon alionyesha kitu kingine: kwamba mwanaume pia anaugua, na kwamba kazi ya mwili, dansi kwa mfano, inaweza kuwa mlango wa ugonjwa. Kwa hiyo macho yalikuwa makali kweli.

Mahali mikono inakuwa mifupi

Bon. Baada ya ile michubuko, tungoje nini? Tungoje daktari akae chini na kumuuliza: unafanya abdo ngapi? Unaanza saa ngapi? Siku moja ukikosa, nini inatokea ndani yako? Nani alikufundisha kwamba mwili wako unapaswa kulipa kabla ya kula?

Filamu haituonyeshi kazi ile. Michubuko inatumika kama ushahidi mahakamani: tazama, kweli ni mgonjwa. Kisha hadithi inahamia kwa mapenzi ya Ellen na Luke, kwa ugomvi wa familia, kwa baba ambaye hatumuoni hata mara moja, na kwa mama mzazi anayemulisha binti yake kwa chupa kama mtoto mchanga. Mwishoni Ellen anaota ndoto, anajiona jinsi alivyo, anaamua kurudi kwenye matibabu. Ujumbe unaobaki kichwani ni huu: mgonjwa lazima afike chini kabisa, alafu atachagua kuishi.

Ujumbe ule ni mzuri kwa sinema. Kwa hospitali ni hatari. Anoreksia ni kati ya magonjwa ya akili yanayoua zaidi: moyo unasimama, au mtu anajiua. Ukimngojea mgonjwa afike chini kabisa, unaweza kungojea mazishi. Na kuna sababu nyingine, ambayo mtu wa agronomia anaielewa haraka kuliko mtu wa sinema.

Panya na gurudumu

Mwaka 1967 watafiti wawili, Routtenberg na Kuznesof, walichapisha majaribio juu ya panya. Unamupa panya chakula kwa saa moja tu kwa siku. Panya wa aina hiyo, bila kitu kingine, anazoea: anajifunza kula vizuri katika saa ile, na anaishi. Sasa chukua panya mwingine, saa ya chakula ile ile, lakini weka gurudumu la kukimbilia ndani ya kizimba. Ungefikiri mwenye njaa atapumzika ili kulinda nguvu. Hapana. Anakimbia. Kila siku anakimbia zaidi, na chakula kikifika anakula kidogo kuliko yule mwenzake asiye na gurudumu. Anakonda, na asipotolewa pale anakufa.

Panya hana Instagram. Hana mama wa kambo. Hajaona mwanamitindo yeyote. Njaa na gurudumu vimekutana, basi, na mwili umeingia katika mzunguko ambao hauwezi kujitoa wenyewe.

Mtu si panya, na si kila mwenye njaa anakimbia. Katika jaribio la njaa la Minnesota, mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula wanaume 36 wa kujitolea. Wengi wao walichoka, wakawa wazito, wakawaza chakula mchana na usiku. Hawakugeuka wakimbiaji. Donc lazima kuwe na kitu katika mtu fulani kinachofanya njaa imwashe badala ya kumzima. Watafiti bado wanachimba swali hilo. Lakini jambo moja limekaa wazi: kwa wengine, njaa yenyewe inasukuma miguu. Mazoezi yanazidisha njaa, njaa inazidisha mazoezi.

Ukielewa hivyo, unaelewa kwa nini kumwambia mgonjwa "chagua kuishi" hakutoshi. Mmea ukikosa maji, majani yanajikunja. Haukukosa adabu. Huwezi kuuhubiria ujikunjue. Unaleta maji kwanza, mengine baadaye. Vivyo hivyo hapa: chakula kinakuja mwanzoni mwa matibabu, hakingojei mgonjwa apone ndipo kitolewe. Katika ile nyumba ya Beckham, mgonjwa analazimika kukaa mezani, lakini kula au kutokula ni shauri lake. Filamu inaonyesha hilo kama heshima. Mimi ninaona ni kumwacha panya na gurudumu lake.

Matibabu yenyewe yanafanya nini

Niseme sasa kile filamu ingeweza kuonyesha, na bado ikabaki filamu nzuri.

Kwanza ni usalama. Mtu aliyekonda sana na anayekimbia kila siku anapimwa moyo, presha, na damu, hasa potasiamu, juu ikishuka moyo unaweza kukosea mapigo yake. Mapigo chini ya 40 kwa dakika kwa mtu aliyekonda ni alama ya hatari. Hapo pana mtego: mkimbiaji mzima naye anaweza kuwa na mapigo ya polepole, na watu wanasema "ana moyo wa spotifu". Moyo wa mwenye kushiba na moyo wa mwenye njaa vinaweza kutoa namba inayofanana kwa sababu tofauti kabisa. Kama hali ni mbaya, mazoezi makali yanasimamishwa na chakula kinarudishwa polepole, juu kumshibisha ghafla mtu aliyekaa na njaa ndefu kunaweza kuvuruga chumvi za damu na kumuua.

Hapa ningependa wandugu watulie kidogo. Jambo hili la kurudisha chakula polepole, wauguzi wetu wa Kongo wanalijua vizuri kuliko watu wengi. Kwenye vituo vya lishe, mtoto mwenye utapiamlo mkali anaanza na maziwa ya F-75, yenye nguvu kidogo, mpaka mwili utulie. Alafu ndipo anapewa F-100 au chakula cha pakiti ili aongeze kilo. Sisemi mgonjwa wa anoreksia apewe maziwa yale yale. Ninasema kanuni ile ile, tuliza kwanza, jenga baadaye, haihitaji kutoka Los Angeles. Nusu ya matibabu tayari iko mikononi mwetu.

Nusu ya pili ndiyo tunakosa: kuzungumza juu ya mbio. Mwaka 2011 Taranis, Touyz na Meyer walitengeneza orodha ya maswali 24 ya kupima mazoezi ya lazima. Kinachonipendeza ni kwamba orodha ile haihesabu saa peke yake. Inauliza mambo matano: je, unafanya mazoezi ili kukwepa hisia mbaya na kufuata sheria uliyojiwekea? Je, ni kwa ajili ya uzito? Je, ni kwa ajili ya kutuliza roho? Je, unakosa furaha ndani yake? Je, ratiba yako haiwezi kubadilika hata kidogo?

Kwa hiyo watu wawili wanaweza kukimbia kilomita kumi kila moja, njia moja, asubuhi moja. Mmoja mvua ikinyesha anacheka, anarudi kulala. Mwingine anakimbia na homa, anakimbia na mguu umevimba, na akikosa anajinyima chakula cha jioni. Wa kwanza ana spoti. Wa pili, spoti inaye.

Matibabu yanafuata maswali yale. Mgonjwa na mshauri wanaandika pamoja: mazoezi haya yanakusaidia nini? Wengi wanajibu kwamba yanatuliza hasira, yanafukuza huzuni, yanawapa ruhusa ya kula. Alafu wanafanya majaribio madogo. Leo punguza dakika kumi, andika nini unaogopa kitatokea, kesho tuangalie kama kilitokea. Keti chini dakika ishirini baada ya kula, usikie ile hofu inavyopanda, na usikie inavyoshuka yenyewe bila wewe kukimbia. Ni kazi ya polepole, haina muziki wa filamu.

Na tuwe wakweli: hakuna dawa ya ajabu. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi ya Phillipa Hay na wenzake, juu ya watu wazima 78 wenye anoreksia. Wote walipewa tiba ya kubadilisha mawazo na mwenendo, na sehemu moja wakaongezewa masomo maalum juu ya mazoezi ya lazima. Matokeo: makundi yote mawili yaliendelea vizuri, na kundi la masomo maalum halikulishinda lingine. Mtu anaweza kusema basi yale masomo ni bure. Mimi ninasoma tofauti: ukimtibu mtu mzima mzima, kwa chakula na kwa mazungumzo ya kweli, ile lazima ya kukimbia nayo inalegea.

Swali la mwisho ni kama mgonjwa atakatazwa spoti maisha yake yote. Zamani vituo vingi vilifanya hivyo: kitandani, usisimame, muuguzi anachunga mlango kama polisi. Lakini mwaka 2004 Calogero na Pedrotty walieleza kituo kimoja cha Marekani ambapo wanawake wagonjwa walifundishwa mazoezi mepesi chini ya usimamizi: kula kwanza, kufanya pamoja na wengine, kusikiliza mwili, kusimama ukichoka. Wale wenye anoreksia walioshiriki waliongeza uzito zaidi kuliko wasioshiriki. Kumbe mwendo wenyewe si adui. Mtu anaweza kujifunza upya kutembea, kucheza, kukimbia hata, kama mwili umeshalishwa na kama kuacha kunawezekana.

Fikiria filamu ingekuwa na picha hiyo moja: Luke, mcheza dansi mwenye goti bovu, anajifunza kucheza bila kujiadhibu. Waliweka mtu yule pale, na hawakumtumia.

"Ni ugonjwa wa wazungu"

Nirudi kwa wandugu wanaosema haituhusu. Filamu yenyewe inawasaidia kufikiri vile, bila kutaka. Katika nyumba ile kuna binti mweusi, Kendra, na ugonjwa aliopewa ni kula kupita kiasi. Mifupa yote inayoonekana ni ya wazungu. Mtazamaji wa Kolwezi anatoka pale na somo ambalo hakuna aliyelisema: mweusi anakula sana, mzungu anakataa kula.

Tuangalie majirani zetu wa Afrika Mashariki. Mwaka 2004 Frank Njenga na Kangethe waliandika katika jarida la madaktari la Afrika Mashariki juu ya anoreksia nchini Kenya. Wagonjwa walioonekana na madaktari wa akili walikuwa wachache. Wachache, si sifuri. Mwaka 2007 Eddy na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake 214 wa Tanzania, na matatizo ya kula yalionekana kuendana na kuangalia sana vyombo vya habari vya nje. Mwaka huo huo wa 2007, Hulley, Currie, Njenga na Hill waliwalinganisha wanawake wakimbiaji wa mbio ndefu wa Kenya na wa Uingereza. Matatizo ya kula yalikuwa zaidi kwa Waingereza.

Mtu mwenye haraka atasema: tazama, Wakenya wanakimbia na hawaugui. Na kweli, somo zuri liko pale: kukimbia peke yake hakuleti ugonjwa. Inategemea unakimbia katikati ya nani, na mwili wako unaambiwa nini kila siku. Lakini mwaka 2016 Muia na wenzake walichapisha kazi juu ya wasichana wakimbiaji wa Kenya, wale wadogo wa kiwango cha juu. Wakakuta wako katika hatari ya kukosa nguvu za kutosha kwa kazi wanayofanya, hedhi kuvurugika, na kula kuvurugika. Ngozi nyeusi haikuwakinga. Kamati ya Olimpiki ya kimataifa yenyewe, tangu 2014, inaonya juu ya upungufu huo wa nguvu kwa wanamichezo, wa kike na wa kiume.

Hapa Lualaba, tunamuona nani?

Kwa nini sisi hatumuoni mgonjwa huyu? Nafikiri sababu ya kwanza ni uzito wa maisha yetu. Mji wetu umejaa miili inayofanya kazi kwa nguvu. Kreza anabeba gunia la madini mgongoni tangu asubuhi, mama anatembea na beseni kichwani mpaka soko. Hawa hawapumziki juu wakipumzika watoto hawatakula. Donc ukituambia kwamba kuna mtu ambaye bukari na sombe viko mezani, na yeye hawezi kukaa chini ale, tunasema ni maringo. Tunajua mtu asiyeweza kuacha kwa sababu ya umaskini. Mtu asiyeweza kuacha kwa sababu ya hofu, hatuna jina lake.

Sababu ya pili, kukonda kwetu kuna maana nyingine. Mtu akikonda, mtaa unanong'ona: ni virusi, ni kisukari, bamemuloga. Kwa hiyo familia inakimbilia vipimo vya magonjwa hayo, alafu maombi, alafu miti. Vipimo vikitoka vizuri, wanashukuru Mungu na kesi imefungwa. Hakuna aliyeuliza anakula nini na anakimbia kiasi gani.

Sababu ya tatu ni sifa. Siku hizi futingi ya asubuhi imekuwa ya kawaida mjini, sali za spoti zimeongezeka, na kila mtu anaposti namba zake. Sisemi vibaya, spoti ni mali. Lakini angalia nani anapata makofi mengi: yule asiyekosa hata siku moja. Na katika makanisa yetu, kufunga siku 21 au 40 ni jambo la heshima, na linaweza kuwa heshima ya kweli. Lakini mtu mwenye ugonjwa huu anaweza kujificha nyuma ya mfungo vizuri sana. Nani atamuuliza mtu wa Mungu kwa nini hakuli?

Ninamfahamu mwenzetu mmoja, tulisoma promosheni moja. Alikuwa anaamka saa kumi ya usiku kukimbia kabla ya masomo, na jioni anapiga abdo chumbani. Tulimuita "jenerali". Hedhi ilikatika miezi mingi, na nyumbani kwake wakamshuku mimba. Mfupa wa mguu ulipasuka bila kuanguka, bila ajali. Aliambiwa apumzishe mguu, na akaambiwa vizuri. Lakini hakuna aliyeunganisha mguu, hedhi na sahani. Alipofungwa mguu, aliendelea na abdo. Leo ni mzima, juu shangazi yake, mama asiyejua kusoma, alihamia chumbani kwake, akala naye sahani moja asubuhi, mchana na jioni kwa miezi, na kila mara baada ya kula alimwambia: "Ikala apa, mwanangu, tuongee." Bila kitabu, mama yule alifanya sehemu kubwa ya kazi. Beckham wa filamu hakuifanya.

Basi tufanye nini

Kama una yaya au mdogo wako ambaye anakonda na hawezi kukosa spoti hata na homa, ambaye anakasirika ukimkaribisha chakula, ambaye hedhi yake imekatika au mifupa yake inapasuka bure, usimpongeze na usimcheke. Usimwambie "umekonda vibaya" wala "sasa umenona vizuri": maneno yote mawili yanarudi kwenye mwili. Mwambie unaona hana amani. Kula naye. Kaa naye baada ya kula, juu saa ile njo ngumu kuliko zote.

Mpeleke hospitali, na pale sema neno zima: anakula kidogo sana na anafanya mazoezi sana. Muuguzi asiyeambiwa hawezi kubahatisha. Omba moyo na damu vipimwe. Kama kichwa kimelemewa, Lubumbashi iko na kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, cha Mabruda wa Upendo. Kwenda pale hakumaanishi kuwa kichaa. Akizimia, moyo ukipiga ovyo, au akisema anataka kufa, ni hospitali siku ile ile.

Na ninyi makochi na waalimu wa spoti: siku ya repo ni sehemu ya mazoezi. Mchezaji asiyeweza kupumzika anahitaji swali kabla ya kupewa medali.

Je, tuiangalie?

Kama uko mzima, ndiyo, iangalie. Collins anacheza kwa ukweli, Luke anachekesha, na ile michubuko ya mgongoni hautaisahau. Kama uko ndani ya ugonjwa huu, au umetoka juzi, iache kwanza. Filamu inaonyesha mbinu nyingi mno, jinsi ya kuhesabu kalori, jinsi ya kupima mkono kwa vidole, na mgonjwa anaweza kuichukua kama darasa. Collins mwenyewe alipunguza uzito kwa ajili ya kazi hii, na waliokosoa jambo hilo walikuwa na haki.

Kwangu ni filamu iliyofika mpaka mlangoni. Ingeingia kama ingemuonyesha mtu mmoja tu akikaa karibu na Ellen baada ya kula, mpaka ile hamu ya kuinuka na kukimbia ipite. Wandugu, nyinyi mnasema nini? Na katika promosheni yenu, "jenerali" alikuwa nani, na kuna aliyemuuliza kama amekula?